Haski, theluji na milima ya New Hampshire: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa watu wetu walioko Manchester, Concord, Portland na Lowell, huku kaskazini-mashariki ya Marekani: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wakenya, Watanzania. Machache yametoka kwa jamaa walioko nyumbani ambao wameona picha na hawajaamini. Penye jambo zito nimejibu kwa urefu, pengine nimepita haraka.

Haski ni mbwa wa aina gani? Si mbwa mwitu aliyefugwa?

Ni mbwa kamili, ingawa macho yale ya buluu na masikio yaliyosimama huwatisha wageni. Asili yake ni kwa Wachukchi, watu wa pembe ya kaskazini-mashariki ya Siberia, waliomfuga avute sleji nyepesi (chombo cha kuteleza juu ya theluji) mwendo mrefu kwa chakula kidogo. Kwa hiyo si mbwa mkubwa. Dume huwa na kilo 20 hadi 27, jike 16 hadi 23. Ukiuziwa "haski" wa kilo 45, umeuziwa malamute (aina nyingine ya mbwa wa sleji, mkubwa zaidi), chotara, au mbwa aliyenenepeshwa.

Walianza kupelekwa Nome, Alaska, mwaka 1908, wakajipatia jina kwenye mashindano. Lakini kilichowafanya wajulikane dunia nzima ni dondakoo. Januari 1925 ugonjwa huo uliingia Nome, bandari imeganda, ndege haziwezi kuruka. Dawa ilisafirishwa kwa sleji karibu kilomita 1,085 kutoka Nenana, waendeshaji 20 wakipokezana, na ikafika Februari 2. Mbwa aitwaye Balto aliongoza kundi lililoingia mjini, basi sifa akapata yeye. Kipande kirefu na cha hatari zaidi, cha kuvuka ghuba iliyoganda ya Norton, kilikuwa cha mwendeshaji Leonhard Seppala na mbwa wake Togo, aliyekuwa na umri wa miaka 12 hivi.

Na hapa ndipo habari inapotuhusu sisi wa New England, yaani majimbo ya huku. Seppala alikuja huku mwaka 1927 akashindana na mwendesha sleji Arthur Walden wa New Hampshire kule Poland Spring, Maine, akamshinda. Togo alibaki Poland Spring na kufia hapo mwaka 1929. Haski wengi wa leo, ukifuatilia ukoo, unarudi kwa mbwa wa Seppala.

Kweli hawasikii baridi?

Wanaisikia, ila wamejengwa kuistahimili. Wana manyoya ya tabaka mbili: ya ndani mafupi, laini, yamesongamana, ya juu marefu, yanayokataa maji na theluji. Akilala hujikunja na kufunika pua kwa mkia, hivyo hewa anayovuta inapita kwanza kwenye manyoya. Nyayoni, damu ya moto inayoshuka hupita karibu kabisa na damu ya baridi inayopanda, ikaipasha kabla haijarudi mwilini. Ndiyo maana anasimama juu ya barafu kana kwamba amesimama juu ya zulia.

Kinachomshinda ni maji. Akitumbukia kijitoni na manyoya ya ndani yakalowa, ulinzi wote umekwisha, na upepo ukimkuta hapo anaweza kufa kama mbwa mwingine yeyote.

Kumlaza nje si ukatili?

Inategemea. Sheria ya New Hampshire inamtaka anayeweka mbwa nje ampe banda la kumkinga na hali ya hewa. Wangu wanalala ndani, lakini wanachagua sakafu ya mlangoni, pale baridi inapopenya chini ya mlango, na mara nyingine wanakwaruza watolewe saa nane ya usiku wakalale kwenye theluji. Kinachowasumbua haski wengi humu majumbani ni hita. Shangazi akija kututembelea na kupandisha kipimo hadi nyuzi 26, mbwa wanahema kama tuko Tanga.

Kumfunga mnyororo uani peke yake mchana kutwa ndio ukatili. Huyu ni mbwa wa kundi. Akiachwa peke yake ataimba, atachimba, na mwisho ataondoka.

Nianze na mlima gani?

Usianze na mrefu. Mount Major, karibu na Alton, una mita 544 tu na kutoka juu unaona sehemu kubwa ya ziwa la Winnipesaukee. Ukishauzoea, nenda Mount Willard pale Crawford Notch. Mwinuko wake ni wa taratibu, kwenda na kurudi ni kilomita 5 hivi, na njia inakaa ndani ya msitu karibu mpaka mwisho. Mwisho wenyewe ni jabali linaloishia hewani, kwa hiyo kamba ishikwe kabla ya kutokeza kwenye mwanga.

Wengi wanakimbilia Monadnock kwa kuwa ni karibu na una jina. Huko mbwa hawaruhusiwi kabisa, utarudishwa getini.

Baada ya hapo, mlima ninaoupenda kuliko yote kwa haski ni Mount Pierce, mita 1,314. Unapanda kwa Crawford Path, njia iliyochongwa mwaka 1819 na ambayo watu wameitumia tangu hapo bila kukoma. Ni kilomita 5 hivi kwenda, theluji huwa imeshakanyagwa na waliotangulia, na unaonja eneo la wazi juu ya msitu kwa dakika chache tu kabla ya kugeuka.

Mount Washington wakati wa baridi uachie wenye mafunzo. Mita 1,917 zinasikika ndogo kwa mtu aliyezoea kusikia habari za Kilimanjaro, na hapo ndipo watu wetu wanapodanganyika. Aprili 1934 upepo wa kileleni ulipimwa kilomita 372 kwa saa. Februari 2023 baridi ilishuka hadi nyuzi 44 chini ya sifuri, na ukijumlisha upepo mwili ulihisi kama nyuzi 78 chini ya sifuri. Kituo cha hali ya hewa kilichopo kileleni hutoa utabiri wa vilele kila siku. Usome huo, usisome wa Manchester.

Mimi mwenyewe nivae nini?

Swali hili huja la mwisho, na lilipaswa kuwa la kwanza, kwa sababu kati yenu wawili mnyonge ni wewe.

Pamba ibaki nyumbani: jinzi, fulana, hata soksi. Pamba ikilowa jasho haikauki, na jasho hilo ndilo litakalokugandisha ukisimama. Vaa sufu au polista mwilini, koti la kati la kushika joto, na la juu la kuzuia upepo. Anza kutembea ukisikia baridi kidogo. Ukianza na joto, baada ya dakika 20 umelowa. Beba glavu jozi mbili na koti nene la ziada ambalo hulivai kabisa ukitembea, ni la kusimamia. Maduka ya mitumba ya huku yana makoti mazuri ya sufu kwa dola chache, usione haya.

Miguuni unahitaji vitu viwili tofauti. Njia ikiwa ngumu na yenye barafu, vaa minyororo ya meno inayovutwa juu ya kiatu. Theluji ikiwa laini na nene, vaa viatu vipana vya theluji. Ukienda bila hivyo utazama hadi pajani kila hatua, na mashimo unayoacha yakiganda yatamvunja mtu mguu, au mbwa. Watu wa milimani hapa ni wapole, lakini kwa hilo watakusema.

Na mbwa abebe au avae nini?

Mkanda wa kifuani, siyo kola. Koti hahitaji, isipokuwa mzee, mgonjwa au aliyenyolewa tumbo kwa upasuaji. Taa ndogo ya kumfunga shingoni ni muhimu kuliko koti, kwa kuwa Desemba jua linazama saa kumi na robo hivi.

Maji ndiyo yanayosahaulika. Kula theluji hakumtoshi, na kunamla nguvu kuiyeyusha. Mimi hubeba maji ya uvuguvugu yenye mchuzi kidogo wa samaki wa kopo, kwa sababu matupu anayanusa na kuyaacha. Chupa igeuzwe kichwa chini ndani ya begi: maji huanza kuganda juu, hivyo kifuniko hakitaganda. Chakula kiwe na mafuta. Haski wa mashindano marefu hula hadi kalori 10,000 kwa siku, lakini wako si wa mashindano. Vipande vya nyama yenye mafuta njiani, na mlo wenyewe baada ya kurudi na kupumzika.

Watoto wa mbwa wasipelekwe milima mirefu kabla mifupa haijakomaa, yaani mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Daktari wa mifugo atakuambia lini.

Mbona anasimama kila mara na kung'ata miguu yake?

Theluji imemkamata vidoleni. Ikiwa nyuzi ziko karibu na sifuri, theluji huwa na unyevu, inashika kwenye manyoya yaliyo kati ya vidole na kujiviringisha hadi inakuwa gololi ngumu. Kila hatua inamkanyagisha gololi hiyo. Ukichelewa ataanza kuing'oa kwa meno pamoja na manyoya, na utaona matone mekundu kwenye theluji.

Mlaze ubavu, vua glavu, shika unyayo kwa kiganja chote mpaka barafu iregee, kisha itoe kwa kidole taratibu kutoka ndani kwenda nje. Usivute. Vidole vyako vitauma kweli kweli, ndiyo maana nikasema glavu jozi mbili. Kabla ya kuondoka nyumbani, punguza manyoya hayo kwa mkasi wa ncha butu na upake nta ya nyayo. Viatu vya mbwa vinasaidia zaidi, ila mzoeze sebuleni kwanza. Siku ya kwanza atatembea kama mlevi, watoto watacheka, atakasirika. Na beba vya akiba, maana kimoja lazima kipotee.

Naweza kumfungua kamba huko porini?

Hapana.

Najua utakutana na watu ambao mbwa wao wanatembea huru na wanaitika wakiitwa. Wale ni mbwa wa aina ya labrado. Kwenye msitu wa taifa wa White Mountains sheria inakuruhusu kumwacha huru mbwa anayetii sauti, lakini haski aliyeona paa hana masikio. Ameumbwa kukimbia bila kuchoka, na akishaanza hakumbuki kugeuka.

Kuna na hatari ambazo mgeni hazijui. Majira ya baridi ni msimu wa watega wanyama, na mitego ya chuma inaruhusiwa kisheria. Mingine hukamata mguu, mingine hubana shingo. Kuna nungunungu, mnyama mzembe anayepanda miti na asiyelala wakati wa baridi. Mbwa akimvamia anarudi na miiba usoni, ulimini, mpaka kooni, kila mwiba una vijiti vidogo vilivyoelekea nyuma ambavyo huufanya uzidi kuingia. Kazi hiyo si ya koleo la nyumbani, ni ya daktari na dawa ya usingizi. Na kuna mashimo yaliyofichika kando ya misonobari: theluji inafunika matawi, chini panabaki pango, na mbwa mwepesi anapita juu hadi siku asipopita.

Akinivuta wakati wa kupanda ni raha. Kushuka nifanyeje?

Fungua kamba kiunoni. Hilo ndilo jibu zima. Kupanda, kamba yenye mpira iliyofungwa kwenye mkanda wa kiuno inakupunguzia kazi. Kushuka, kamba hiyo hiyo inakuangusha kifudifudi. Ishike mkononi, mfundishe kutembea nyuma yako kwenye miteremko, na akikataa simama. Usisogee mpaka alegeze. Wiki za mwanzo mtachukua muda mrefu kushuka kuliko kupanda.

Nitajuaje kwamba ni wakati wa kurudi?

Usimwangalie mbwa. Watu hunijibu, "Lakini alikuwa bado anataka kwenda!" Atataka daima. Wachukchi walichagua vizazi kwa vizazi mbwa wasiosimama, na ukimwachia yeye uamuzi atakupeleka mpaka pale ambapo yeye anarudi na wewe hurudi.

Karibu na kilele cha Pierce misonobari inapungua kimo mpaka inakufika magotini, na barafu imeivika upande mmoja tu, ule unaopigwa na upepo. Ukifika hapo, kabla ya kutoka kwenye kinga ya miti ya mwisho, vua glavu moja ufungue na kufunga kibanio cha kamba. Kama vidole vinashindwa kukibana, geuka. Kama huoni alama ya njia inayofuata, geuka. Kama upepo unakusukuma hatua pembeni, geuka, hata kama kilele kiko mita 100 mbele yako.

Weka pia saa ya kugeuka kabla hujatoka nyumbani, na uiseme kwa mtu aliyebaki. Yangu ni saa saba mchana. Simu isikudanganye, betri huisha haraka kwenye baridi, na sehemu kubwa ya milima ile haina mtandao.

Kwa mbwa, dalili za kuangalia ni mbili zinazopingana. Akitetemeka, akijikwaa, akibaki nyuma, amepatwa na baridi. Akihema kwa nguvu, ulimi umetandazwa mpana, akijilaza kwenye theluji kila hatua chache, amepatwa na joto. Ndiyo, joto, Februari, jua likiwaka. Siku ya nyuzi 5 juu ya sifuri inamtesa anayepanda kuliko siku ya nyuzi 15 chini yake.

Akiumia, jukumu la kumshusha ni lako. Ipo mbeleko maalumu ya kumbeba mbwa mgongoni, inakunjwa ndogo kama leso. Inunue. Ukiumia wewe, idara ya samaki na wanyamapori ya New Hampshire ndiyo inayoongoza uokoaji, na sheria inairuhusu kukudai gharama ikiona ulizembea. Kadi yao ya Hike Safe, ya kulipia kila mwaka, inakukinga na deni hilo katika hali nyingi.

Na maisha ya mjini wakati wa baridi?

Mambo matatu. La kwanza ni chumvi ya barabarani. Inachoma nyayo, na akiilamba inamwasha tumbo. Weka beseni la maji ya uvuguvugu mlangoni, mwoshe kila mkirudi. La pili ni maji ya rejeta ya gari, yale ya kuzuia kuganda. Mengi yana ladha tamu, na kiasi kidogo kinaua figo. Ukiona tone sakafuni, futa mara moja, na kama amelamba usisubiri dalili, kimbia hospitali ya wanyama.

La tatu ni fensi. Fensi ya futi 6 inamzuia haski wakati wa kiangazi, asipochimba chini. Halafu unazoa theluji ya uani, unairundika kando ya fensi, inaganda, na bila kujua umemjengea ngazi. Rundika katikati ya ua.

Atanilindia nyumba?

Hatalinda. Mwizi akiingia atapokelewa vizuri. Habweki sana, ila analia kwa sauti ndefu ya kuimba, na ving'ora vya zimamoto vikipita mtaa mzima utajua una haski. Kama unafuga kuku au una paka, fikiri mara mbili.

Manyoya je?

Mara mbili kwa mwaka tabaka la ndani linang'oka lote kwa mafungu, wiki kadhaa mfululizo. Utayakuta kwenye pilau. Mchane nje kila siku. Usimnyoe kamwe, hata Julai, kwa sababu manyoya hayo yanamkinga na jua pia.

Sisi ni Waislamu. Inakuwaje?

Mwenye kauli ni shehe wenu, mimi nasema ninayoyaona. Jamaa wengi wa pwani ni Shafi, na kwao mate na unyevu wa mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, moja kwa udongo. Wamaliki wana msimamo mwepesi zaidi. Ninao majirani wa pande zote mbili. Kwenye ngazi nafupisha kamba na kusubiri wapite, na mtu akija kwangu na kanzu ya kwenda msikitini mbwa wanakaa chumba kingine. Hatujawahi kugombana.

Mwenye nyumba atakubali?

Soma mkataba kabla ya kumpenda mbwa. Wengi wanaongeza kodi kwa ajili ya mbwa, na baadhi ya makampuni ya bima yanawakataa haski kwa jina. Pia, hapa New Hampshire, kila mbwa aliyefikisha miezi mitatu anahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa, na akifikisha minne leseni ya mji, ambayo huisha Aprili 30 kila mwaka.

Ndugu yangu wa Dar anamtaka. Nimtafutie?

Nakuomba usimtafutie. Nimeona wanaofugwa Nairobi kwenye baridi ya Julai, na hata huko si rahisi. Pwani, kwa joto na unyevu ule, ataishi kwenye kiyoyozi, na umeme ukikatika ni hatari. Na wale wanaoota picha ya haski kwenye theluji ya Kilimanjaro: mbwa hawaingii kwenye hifadhi za taifa za Tanzania.

Nimpate wapi basi?

Anza na nyumba za kuokolea wanyama. Haski wapo wengi, kwa sababu watu walinunua macho ya buluu na hawakununua kamba ndefu. Wengi ni wa mwaka mmoja au miwili, wazima kabisa, waliorudishwa kwa kosa la kuruka fensi. Ukinunua kwa mfugaji, mwambie akuonyeshe vyeti vya macho vya wazazi wote wawili, maana mtoto wa jicho wa kurithi upo kwenye ukoo huu. Asiyekuwa navyo, aga uende. Ukitaka kuwaona kwanza wakiwa kazini, Februari nenda mbio za sleji za Laconia, ambazo zilianza mwaka 1929. Simama karibu na mahali wanapofungiwa mikanda kabla ya kuanza, na vaa kofia ya kufunika masikio, kwa baridi na kwa kelele zao pia.